Kamusi Iliyopoteza Imani Katikati

Hosteli, chumba cha juu
3 Februari

Babu yangu, Fundi Gundi,

Shikamoo. Natumaini wewe na Bibi hamjambo, na paa la karakana limezibwa kabla mvua hazijarudi. Mimi mzima. Mwenzangu wa chumbani amehamia kwa dada yake, kwa hiyo sasa nina meza nzima peke yangu na ukungu wote wa ukutani peke yangu. Mama alinipigia juzi, anasema bado hutaki simu. Sababu zako nazijua, usizirudie.

Nakuandikia kwa jambo la haraka. Idara yetu ya falsafa ina sheria yake. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anachagua kamusi moja ya marejeo, anaiandikisha, na kila neno zito atakaloliandika kwenye tasnifu analifafanua kwa kamusi hiyo hiyo mpaka mwisho. Hakuna kudokoa hapa na pale. Halafu mwezi Mei anaitwa mbele ya jopo na kamusi yake mkononi. Akianguka hapo, hahitimu. Mimi naandika juu ya akili na roho, kama ni kitu kimoja au viwili.

Mhadhiri wangu anapendekeza kamusi mpya, ndogo, inaingia mkobani. Ya maktaba ni nzuri zaidi lakini haitoki mlangoni. Ya tatu nimeikumbuka mwenyewe: ile nene ya mapadri iliyokaa kwenye rafu yako tangu sijazaliwa, ambayo aliyeileta kujalidiwa hakurudi. Naomba uifungue ukurasa wa mbele uniambie ni ya mwaka gani, na kama ina neno "dhana". Hayo mawili tu. Nikipata jibu ndipo niamue, ingawa nimeshaelekea kwenye ile mpya.

Mjukuu wako,
Kidomodomo

N.B. Nyuma ya barua yangu ya mwaka mpya kulikuwa na swali. Hukunijibu.


Karakanani
16 Februari

Kwa mke wangu mdogo, Kidomodomo, msomi wa vitu visivyoshikika,

Marahaba. Huku hatujambo, ila mke mwenzio ana mafua na amenuna. Amenuna kwa sababu juzi sokoni nilimshika mkono mama mmoja nikamwambia, "Twende nyumbani mke wangu, nyanya zinatosha," kumbe mke wangu yuko upande wa pili ananitazama. Muuza vitunguu alicheka mpaka akakaa chini. Kosa si langu. Siku hizi wanawake wote wanavaa rangi moja.

Simu sitaki. Simu inanikatiza nikiwa katikati ya kumtukana mtu. Barua inanivumilia.

Sasa tuje kwenye upuuzi wako. Mwambie huyo mhadhiri (nakumbuka picha uliyotuma zamani, ana miwani usoni na nyingine kichwani, sijui anatafuta nini) kwamba mimi nafumua na kushona kamusi tangu yeye ananyonya. Hizo ndogo za siku hizi hazishonwi. Zinapakwa gundi mgongoni basi, kama soli ya kiatu cha harusi. Alikuja hapa mwanafunzi wa udaktari na ya kwake. Akapiga chafya, herufi S yote ikamwagika miguuni pake. S nzima! Wewe utaulizwa neno mbele ya wazee, utafungua, neno limebaki hosteli. Utawaambia nini? Kwamba lipo ila halipo?

Na hiyo falsafa yenyewe. Nimemuuliza fundi viatu hapa jirani, "Akili na roho ni kitu kimoja au viwili?" Akaniuliza, "Ni jozi?" Nikamwambia kaa kimya, wewe huna hata darasa nililofika mimi. Akasema darasa nililofika mimi halikuwa na madirisha. Tukatukanana mpaka saa ya chakula.

Unataka nikusomee mwaka. Mwaka wa nini? Kamusi si maziwa. Karatasi yake nimeipapasa, nzito, haijakatika. Uzi mzima. Jalada tu ndilo limeliwa na unyevu. Hiyo ndiyo kamusi. Nitaivalisha jalada jipya uende mbele ya watu na kitu mkononi, si kijikaratasi. Na "dhana" yako imo. Kitabu kinene namna ile kitaikosaje?

Ukichukua ile ya gundi usiniandikie tena. Sitanii.

Babu yako,
Fundi Gundi

N.B. Andika kwa kalamu nene. Mwandiko wako wa miguu ya siafu unafutika njiani. Na nyuma ya barua ya mwaka mpya hakukuwa na kitu.


Hosteli
27 Februari

Babu,

Shikamoo. Mpe Bibi pole ya mafua, na pole ya wewe.

Nimekasirika, na nakuambia nikiwa bado nimekasirika. Nilikuuliza mambo mawili, mwaka na neno. Hukujibu hata moja, ukanijibu habari za chafya. Unachagua kamusi kwa kuipapasa mgongo kama mtu anayenunua ng'ombe! Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya jopo, si wewe wala fundi viatu.

Leo ilikuwa siku ya kuandikisha. Mhadhiri akauliza, "Wewe?" Nikasema, "Nasubiri ya babu yangu." Darasa likacheka. Mmoja akauliza kama babu yangu ndiye aliyeitunga. Hapo sijui kilichonipata, maana wewe ndiye niliyekuwa nimekukasirikia tangu asubuhi, lakini nilimgeukia yule kijana nikamwambia babu yangu ameshika vitabu vingi kuliko ukoo wake wote. Nikatia sahihi. Nimeandikisha ya kwako.

Sasa siwezi kurudi nyuma. Kwa hiyo iwe nzuri, Babu. Iwe nzima. Ifike kabla Machi haijaisha.

Kidomodomo

(Kalamu nene hiyo. Imekula karatasi yote.)


Karakanani
20 Machi

Kidomodomo,

Marahaba, na ukome kunilinganisha na wanunuzi wa ng'ombe. Bibi yako amepona mafua, kununa bado. Paa limezibwa na mjinga, maji sasa yanaingia pembeni badala ya katikati. Umeme wa mwezi huu nao ni wa kudanganyia watoto. Nimebadilisha balbu ya juu ya meza, giza lile lile. Nikamrudishia mwenye duka, akaiwasha mbele yangu, akasema, "Mzee, si hiyo inawaka?" Mwizi yule.

Mzigo wako huu hapa. Nilipoiteremsha ile ya mapadri nikakuta kando yake kuna mwenzake, nayo kamusi ya falsafa, iliyoachwa na marehemu yule wa mambo mengi, katibu wa chama cha wafanyakazi wa reli. Zimechapwa kiwanda kimoja, kimo kimoja, karatasi moja, ungedhani mapacha. Zote zilikuwa zimeoza majalada. Na gundi ikishapikwa haimsubiri mtu, kwa hiyo nimezifumua zote mbili, nikapanga kurasa zake mezani mafungu kwa mafungu, nikazishona siku hiyo hiyo. Moja ndiyo yako. Nyingine imerudi rafuni.

Yako nimeishona kwa uzi wa kitani uliotiwa nta, jalada la kitambaa cheusi, pembe za ngozi. Irushe ukutani, utavunjika ukuta. Mgongoni sijaandika kitu. Zile herufi zangu za chuma za kupiga kwa moto zinasumbua mwezi huu, na asiyejua hiyo ni kamusi hana haja ya kuifungua.

Mwekee mezani huyo wa miwani mbili. Usiseme neno. Iweke tu ilie puu.

Babu yako,
Fundi Gundi


Karakanani
2 Juni

Wewe mtoto,

Sisi wazima, kama unajali. Machi imekwisha, Aprili imekwisha, Mei imekwisha. Hata "imefika" hukuandika. Nimemuuliza mama yako, anasema, "Yupo." Kwamba yupo najua! Sikukusomesha ili niambiwe hivyo!

Jopo lilikuwa Mei. Umefaulu? Kama umefaulu umekuwa na kiburi. Kama hujafaulu niambie nani nije nimpige na kipimio changu cha chuma.

Bibi yako anasema nikuache. Simuachi mtu mimi.

Babu yako


Hosteli
14 Juni

Babu,

Shikamoo. Bibi nimezungumza naye, najua hamjambo. Mimi sijambo mwilini. Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilikuwa natukana, na sijawahi kukutukana kwa maandishi. Leo nimechoka kujizuia.

Kamusi yako ilifika. Niliiweka mezani ikalia puu kama ulivyoniagiza, watu wakageuka wote, nikajisikia malkia. Nikaanza kazi. Nikakuta jambo la ajabu. Kwenye Akili inasema, "Taa aliyoiwasha Muumba ndani ya roho. Tazama: Roho." Nikaitazama Roho. Inasema, "Neno la kizamani, halina kitu ndani yake. Tazama: Ubongo." Kwenye Imani, kurasa nne za sifa. Kwenye Sala, "Tazama: Woga." Kuanzia A mpaka M mtunzi anapiga magoti. Kuanzia N mpaka Z hataki hata kusikia.

Unajua nilifanya nini? Niliandika sura nzima juu ya mtunzi huyo. Kwamba aliianza kamusi akiwa padri, na katikati ya kazi, usiku mmoja kati ya M na N, imani ikamtoka. Nilimhurumia. Babu, nilimlilia! Nikasema hiyo ndiyo hoja yangu yote: akili ikikua, roho inahama.

Mbele ya jopo nikaisoma sura hiyo kwa sauti. Mwenyekiti akasema, "Inagusa sana. Naomba nikione hicho kitabu." Mhadhiri akakipokea kwanza. Akavua miwani, akakileta karibu na pua, akafunua, akafunua tena. Kisha akaniita nisogee.

"Chini ya ukurasa huu unaona nini?"

"Kimsalaba."

"Na huku mbele, kuanzia N?"

Nikainama. "Kinyota."

"Binti," akasema, "huyu hakupoteza imani. Hawa ni watu wawili."

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaomba maji. Wale wengine wakajitahidi kukohoa.

Wamenipa nafasi moja. Mwisho wa Septemba nirudi na tasnifu mpya, niwaambie kati ya kamusi hizo mbili nimechagua ipi, na niilete ikiwa nzima, A mpaka Z ya mtu mmoja. La sivyo sihitimu.

Nusu zilizobaki za kamusi zote mbili ziko kwenye ile ya katibu wa reli, hapo rafuni kwako. Nitumie. Na uniambie imekuwaje. Kwangu mimi ilikuwa rahisi zaidi kuamini padri amemkana Mungu kuliko kuamini Fundi Gundi amechanganya mafungu.

Kidomodomo


Karakanani
25 Juni

Kidomodomo,

Salamu utazipata ukijifunza adabu.

Mimi nichanganye mafungu? Mimi? Hivyo vimsalaba na vinyota unavyonifundisha leo, mimi nimeviangalia tangu mama yako anatambaa chini ya meza hii akila gundi. Kila kitabu kikubwa kina alama yake chini ya fungu, na fundi haingizi sindano kabla ya kuitazama. Waliochanganya ni wachapaji. Au ni wewe kwenye basi. Au ni huyo wa miwani mbili, si alikishika? Ulimtazama mikono?

Na kama ni mimi niliyechanganya, basi nilichanganya makusudi! Ulitaka kujua ni kitu kimoja au viwili. Nikakushonea majibu yote mawili kwenye jalada moja. Wenzako wana kamusi zinazokubaliana na nafsi zao kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama mzee anayeongea peke yake chooni. Yako inagombana. Ungewaambia hivyo wangekupa cheti hapo hapo, lakini wewe ukaanza kumlilia padri.

Huyo mwenyekiti anayecheka mpaka anaomba maji, mwambie mimi nikicheka siombi.

Ile nyingine haipo. Mwenyewe amekuja kuichukua.

Fundi Gundi


Hosteli
9 Julai

Babu,

Shikamoo. Hata ukininyima salamu mimi nitakuamkia.

Mwenyewe amekuja kuichukua? Katibu wa reli? Babu, mazishi yake tulikwenda wote. Nilikuwa darasa la tano, nilivaa viatu vinavyobana, ukanibeba mgongoni njia nzima ya kurudi. Kwenye barua ya Machi wewe mwenyewe umemwita marehemu.

Hujawahi kunidanganya. Kunitania kila siku, kunidanganya hujawahi. Kwa hiyo nilikaa nikazipanga barua zako zote mezani. Za mwaka juzi mistari imenyooka kama umepiga kwa rula. Za mwaka huu mistari inapandana, neno moja linakaa juu ya kichwa cha jingine. Yule mama wa nyanya. Balbu inayowaka dukani na kuzimika kwako. Mgongo mtupu. Mwaka wa kamusi hukuniambia, "dhana" hukuitafuta, karatasi uliipapasa. Na kalamu nene, kalamu nene kila barua!

Nilimpigia Bibi. Akasema, "Muulize mwenyewe." Ndilo swali lililokuwa nyuma ya barua ya mwaka mpya. Bibi alikuwa ameniambia umekosa ngazi ya karakana ukaanguka. Nilikuuliza macho yako yakoje. Nililiandika kwa kalamu nyembamba.

Nimekasirika, Babu. Si kwa sababu ya macho. Ni kwa sababu uliniacha nitie sahihi. Ulijua huoni, ukashona, ukaniambia niirushe ukutani.

Sasa naomba jambo moja. Nitumie ile nyingine kama ilivyo. Usiifumue. Usiishone. Usiiguse. Nitatafuta fundi wa huku.

Mjukuu wako


Karakanani
30 Julai

Wewe,

Nimesomewa barua yako na bibi yako, kwa hiyo furahi, umepata ulichotaka. Alipofika kwenye "usiiguse" akaruka. Nikamwambia, "Rudi, umeruka kitu." Akasema hajaruka. Nikamwambia, "Nimeishi na wewe mpaka nasikia ukimeza mate. Rudi." Akarudi. Akaisoma. Kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Usiiguse! Meza hii nimeigusa kabla ya mama yako, kabla yako, kabla ya hao wazee wako kujua kitabu kinafunguliwa upande gani. Fundi wa huko! Wa gundi! Mpelekee, akutengenezee kamusi ya kupigia chafya.

Ni mtoto wa jicho, ndivyo alivyosema yule daktari kijana. Macho yote mawili. Nikamuuliza mtoto huyo ni wa kiume au wa kike, hakucheka, madaktari wa siku hizi ni kama nguzo. Anataka kunikata. Mimi nimekata karatasi maisha yangu yote, najua kisu kinavyofanya kwenye kitu chembamba. Anayeshika kisu akipepesa mara moja tu, basi. Sasa umeelewa kwa nini sikusema? Ungesema twende. Bibi yako angesema twende. Fundi viatu angekuja kunishika miguu.

Siku ile yalikuwa marundo manne mezani, mawili ya kila kitabu, A mpaka M na N mpaka Z. Niliinama mpaka pua ikagusa karatasi. Niliona kitu kidogo cheusi chini ya ukurasa. Msalaba na nyota vikiwa kwenye ukungu vinafanana, ukitaka kujua. Nikajiambia mkono unajua. Mkono unajua kushona. Kusoma haujui.

Kitabu sikitumi. Ukikitaka njoo nacho hicho chako. Utakaa kwenye kigoda, utasoma alama, mimi nitashona. Kidole changu hakijapofuka. Na kama unakuja na fundi mwingine kichwani, bakia huko huko na wenzako wanaocheka.

Babu yako, bado


Hosteli
11 Agosti

SHIKAMOO BABU.

NIMEANDIKA KUBWA ILI BIBI ASIRUKE KITU.

NAKUJA WIKI YA MWISHO YA MWEZI. NITASOMA ALAMA, UTASHONA. HALAFU TUNAKWENDA KWA YULE DAKTARI KIJANA SOTE WATATU, NA UTALALA KIMYA KAMA FUNGU LA KARATASI KWENYE MASHINE YA KUBANIA.

UKIKATAA NARUDIA MWAKA NA KAMUSI YA GUNDI. SITANII.

KIDOMODOMO


Karakanani
22 Novemba

Kidomodomo, mke wangu mdogo,

Marahaba kumi. Mama yako mzima. Paa linavuja kule kule. Bibi yako alikuwa ameacha kununa, ameanza upya, na sababu ni hii: bandeji imetolewa, nimekwenda sokoni kwa jicho langu, nikamwona yule mama wa nyanya. Nikarudi nikamwambia bibi yako kwa furaha, "Kumbe hamfanani hata kidogo!" Eti hapo ndipo nilipokosea. Anadai sasa amejua siku ile niliona vizuri.

Jicho la pili wanalifungua Januari. Yule daktari, zamu yangu ilipofika mwezi huu, alinikataza kusema wakati anakata, ndiyo mateso pekee niliyopata. Usimwambie nilikushika mkono kwa nguvu. Wewe mwenyewe mkono wako una mifupa mingi.

Barua yako ya Oktoba alinisomea bibi yako mara mbili, mara ya pili sikumwomba. Kwa hiyo umehitimu. Sitaki kulisema zaidi, fundi viatu ameshalisema mtaa mzima kana kwamba ni mjukuu wake. Lakini kuhusu kuchagua, nina hasira na wewe. Mbele ya wazee wote umechagua ya katibu wa reli, ukaniachia mimi mapadri! Mimi! Sasa bibi yako ananisomea jioni, tumefika Dhambi, na kila akimaliza mstari anatua ananitazama. Ungenifikiria kidogo.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili.

Siku ilipotolewa bandeji, nilikaa karakanani nikaangalia vitu vyangu kimoja kimoja. Kigoda. Kovu la nyundo kwenye meza. Nikainua jicho rafuni, nikaiona ile ya mapadri tuliyoishona wote. Nikaitazama mgongo. KAMUSI YA FALSAFA, herufi za moto, za dhahabu, nzuri, zimejipanga kama askari.

Kichwa chini, miguu juu!

Kitabu kimesimama sawasawa, maneno yanapiga sarakasi. Na yako iko hivyo hivyo, maana nilizipiga pamoja kwa kupapasa. Umeingia nayo kwa wazee. Umeiweka mezani ikalia puu, na yule wa miwani mbili ameisoma kwa kupindua shingo. Nimemuuliza bibi yako, akakiri: siku ile ya kushona mlisimama nyuma yangu wote wawili, herufi bado zinatoa moshi, mkatazamana. Nami nakumbuka niliuliza, "Imekaaje?" Na nakumbuka wewe ulisema, "Imependeza, Babu."

Imependeza!

Tangu uanze kuongea hujawahi kumwachia mtu kosa lake. Ulimsahihisha padri kanisani. Ulinisahihisha mimi mbele ya wateja ukiwa huna meno ya mbele. Jina lenyewe ulilipata kwa hiyo. Halafu siku hiyo moja, ya kitabu changu, unafunga mdomo. Nani alikutuma?

Irudishe niipige upya. Na usiniambie umeizoea.

Babu yako,
Fundi Gundi

N.B. Kalamu nyembamba inatosha.